Uanafunzi (Sehemu ya Pili): Kanisa Lililobaki Bila Padri

Katika sehemu iliyopita tulitazama agizo la Mathayo 28:19–20, tukaona kwamba Yesu aliwatuma mitume wakafanye wanafunzi, na kwamba kubatiza na kufundisha ndivyo kazi hiyo inavyotendeka. Leo tulipime agizo hilo kwa historia ya jirani zetu wa Buganda, maana huko swali ambalo makanisa yetu hulikwepa lilijibiwa bila mtu kupenda: mwalimu akiondoka, kinabaki nini?

Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1879. Novemba 1882 yeye na wenzake waliondoka wote, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza, na hawakurudi hadi Julai 1885. Waliowaacha nyuma walikuwa wachanga katika imani. Yosefu Mukasa Balikuddembe alibatizwa Aprili 1882, na Mathias Kalemba Mulumba Mei ya mwaka huohuo. Mtu angetarajia kundi hilo litawanyike, lakini mapadri waliporudi walilikuta limeongezeka. Mukasa, msimamizi wa watumishi katika nyumba ya Kabaka, alikuwa amewalea vijana wa kasri. Kalemba alikuwa amefanya vivyo hivyo Mityana, akiwa na watu kama Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Hakuna hata mmoja wao aliyepita seminari. Walichokipokea ndicho walichokigawa.

Hapa inafaa tuufuate uzi mmoja polepole. Lourdel alimfundisha Mukasa. Mukasa akamlea Karoli Lwanga, aliyeingia kasri mwaka 1884 wakati mapadri wangali Bukumbi. Mukasa alipouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mrithi wa Mutesa, tarehe 15 Novemba 1885, Lwanga alibatizwa siku hiyohiyo, kisha akashika nafasi yake. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, kifo kikiwa mlangoni, Lwanga naye akawabatiza wakatekumeni aliokuwa akiwaongoza, Kizito akiwamo, kijana wa miaka 14 hivi. Hivyo ni vizazi vinne, idadi ileile ambayo Paulo anaitaja katika 2 Timotheo 2:2: yeye mwenyewe, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Tunapoadhimisha tarehe 3 Juni tunaukumbuka moto wa Namugongo uliowaua Lwanga na wenzake, na ni haki yake. Lakini moto ule ulionyesha kile ambacho miaka ya mafundisho ilikuwa imekwisha kukijenga.

Wapo watakaopinga kwamba mwendo huu ni wa kinyonga. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la mapadri hao, alidai miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo, ilhali Matendo 2 inasema watu wapatao 3,000 walibatizwa siku moja, na towashi wa Kushi katika Matendo 8 alibatizwa njiani. Hoja hii ina uzito, nami sidai kwamba miaka minne ni sheria ya Mungu. Ila msomaji asiishie kwenye hesabu ya 3,000; mstari unaofuata, Matendo 2:42, unawaonyesha watu haohao wakidumu katika mafundisho ya mitume. Mkutano wa injili uwanjani, wenye spika kubwa na mamia wanaoinua mikono, si kosa. Kosa ni kuandika majina ya walioinua mikono, kuyatangaza, kisha kukosa mtu wa kumtembelea hata mmoja wao Jumanne inayofuata.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linauma. Apolo Kagwa, "msomaji" (ndivyo waongofu walivyoitwa) wa upande wa Kianglikana, alipigwa vibaya na Mwanga mwaka 1886 wakati wa mateso yaleyale. Tarehe 24 Januari 1892, akiwa Katikiro (waziri mkuu), aliongoza Waprotestanti vitani Mengo dhidi ya Wakatoliki. Wanafunzi wa Kristo kwa bunduki! Je, uanafunzi ulishindwa? Mimi naona ulifanya kazi yake sawasawa, nako ndiko kuliko na hatari. Mackay, mmisionari wa Kianglikana, na Lourdel walikuwa wamebishana mbele ya Mutesa, kila mmoja akiyapinga mafundisho ya mwenzake, na vijana waliwasikia. Kutoka kwao walijifunza sala, kusoma na ujasiri wa kufa; walijifunza pia kumwona msomaji wa upande wa pili kuwa adui. Haikuwa sababu pekee ya vita, maana ardhi, vyeo na mkono wa Waingereza vilikuwamo. Lakini Luka 6:40 inaonya kwamba mwanafunzi aliyekwisha kufundwa hufanana na mwalimu wake, na haisemi kwamba atafanana naye katika mema tu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza tutapataje wanafunzi wengi, sehemu ijayo itamchunguza huyo anayefundisha: nani amemlea, na nani ana ruhusa ya kumkosoa.