Kuflashi BIOS Hakutibu Kompyuta Nzito

Fundi wa kompyuta kando ya barabara ya Mombasa, pale Kiboko, huletewa ombi lile lile: "Fundi, niflashie BIOS, utie Linux nzima mle ndani, iwake chap chap."

Haiwezekani hivyo. Umeme unapoingia, RAM bado imelala. Kuna programu ndogo, ndiyo BIOS, ndani ya chipu ya ubao-mama ambayo kazi yake ni kuiamsha. Keneli, yaani kiini cha Linux, hukaa ndani ya RAM hiyo. Kuitaka iiamshe ni kumwambia mpangaji ajenge nyumba ambamo tayari amelala.

Waliowahi kujaribu wanalijua hilo. Mwaka 1999 Ron Minnich na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, walianzisha LinuxBIOS wakitaka keneli ibebe karibu mzigo wote. Programu ya kuitangulia haikuepukika, na chipu nyingi za enzi hizo hazikuitosha keneli. Mwaka 2008 mradi ukaitwa coreboot: huamsha mashine, hukabidhi kazi, basi. LinuxBoot, iliyoingia Linux Foundation mwaka 2018, iliirudisha keneli kwenye chipu, lakini kwa ajili ya seva, ichukue nafasi ya sehemu kubwa ya UEFI, mrithi wa BIOS. Mteja wa fundi ana seva gani?

Anayetoza pesa "kusafisha BIOS" ili laptopu iwe nyepesi anauza maji ya mfereji kama dawa. Mara nyingi kinachokawiza ni diski kuukuu inayozunguka. Stima ikipotea katikati ya kuflashi, mashine huenda isiwake tena mpaka chipu iandikwe upya kwa kifaa maalumu. Na kile kibetri cha CR2032 kwenye ubao-mama kikiisha, saa ndiyo hupotea, si kasi.

Swali la kama kifaa kinahitaji Linux lina maana zaidi shambani. Kiboko kuna kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ambako mahindi hujaribiwa kustahimili ukame kwa ushirikiano na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano. Kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwa betri hakihitaji keneli: msimbo mfupi uamke, upime, ulale. Kikiongezwa kamera na modemu, na kikitakiwa kusasishwa kutoka mbali, hapo Linux inastahili umeme wake. Laptopu ya ofisini: SSD kwanza, RAM ikibidi, BIOS iguswe tu mtengenezaji akitoa rekebisho la usalama au la hitilafu inayojulikana. Chromebook nyingi zina coreboot tangu kiwandani; ziachwe zilivyo.