Maziwa Yakikusumbua Tumbo, Usimlaumu Ng'ombe

Ndugu mkulima, umenunua ng'ombe wa gredi, umempandia majani ya nepia, na sasa anakupa maziwa kila siku. Jirani yako hunywa kikombe kizima cha maziwa matamu, kisha huchukua jembe na kwenda shambani. Wewe ukinywa kiasi hicho hicho, muda si muda tumbo linanguruma, linajaa hewa, na pengine unaharisha. Basi maneno huanza. Huyu husema ng'ombe ni mgonjwa, yule husema ametazamwa kwa jicho baya. Mwenye nyumba akikasirika huamuru maziwa yote yapelekwe kwenye chama cha ushirika, hata kikombe cha watoto. Hasara hiyo haina sababu.

SUKARI ILIYOMO KATIKA MAZIWA

Katika maziwa mna sukari iitwayo laktosi. Kikombe cha robo lita cha maziwa ya ng'ombe kina gramu 12 hivi. Sukari hii haiwezi kuingia katika damu mpaka ikatwe vipande viwili. Kinachoikata ni kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho hutengenezwa katika utumbo mwembamba.

Fananisha laktasi na vibarua wa kuchuma pareto. Vibarua wakiwa wengi, shamba humalizika kabla ya jua kutua. Wakiwa wachache, maua mengi hubaki. Laktosi iliyobaki bila kukatwa huteremka mpaka utumbo mpana. Huko huvuta maji, na bakteria huila na kutoa hewa. Ndiyo asili ya tumbo kujaa na kuhara.

KWA NINI WATU HUTOFAUTIANA

Mtoto mchanga huwa na laktasi nyingi, maana chakula chake ni maziwa ya mama. Akiisha kuacha kunyonya, kwa watu wengi duniani kiasi hicho hupungua mwaka hata mwaka, mpaka mtu mzima hubaki na kama sehemu moja ya kumi, au chini yake. Huo si ugonjwa, ni maumbile.

Wengine laktasi yao haipungui, kwa sababu wamerithi badiliko dogo kutoka kwa wazazi. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza matokeo ya kuwapima watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan. Waliona kwamba badiliko lililoenea Kenya na Tanzania si lile la watu wa Ulaya. Lilitokea peke yake huku kwetu, likaenea katika miaka elfu chache iliyopita, kwa kuwa maziwa yaliwafaa sana wafugaji.

Aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu huwa na laktasi ya kiasi cha katikati, na kwa kawaida humtosha. Kwa hiyo mume na mke huweza kutofautiana, hata ndugu wa tumbo moja. Usimcheke jirani wala usimhukumu kwa kabila lake.

UFANYE NINI?

1. Punguza kiasi. Wengi wenye laktasi kidogo huweza kunywa kikombe kimoja bila taabu kubwa, hasa wakinywa pamoja na ugali au viazi. Anza na nusu kikombe, ujipime.

2. Tengeneza maziwa lala. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, hivyo tumbo hupunguziwa kazi. Wazee waliotumia kibuyu, kama Wakalenjin na mursik yao, walijua faida yake. Chemsha maziwa, yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya maziwa lala mazuri, funika, yaache mpaka kesho.

3. Usidhani kuchemsha huondoa laktosi. Hakuondoi. Lakini chemsha kila siku, ili kuua vijidudu vya magonjwa kama brusela na kifua kikuu.

4. Usiwanyime watoto maziwa kwa sababu tumbo la baba limeyakataa. Watoto wadogo kwa kawaida wangali na laktasi ya kutosha. Na mtoto anyonyaye akiharisha, aendelee kunyonya, naye apelekwe zahanati.

5. Mtu akinywa maziwa akatokwa na vipele, akavimba midomo au akapumua kwa shida, hiyo si habari ya laktasi. Mpeleke hospitali upesi. Na anayeharisha damu au kukonda aende pia.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla ya kumpeleka ng'ombe mnadani, pima kwanza kikombe chako. Uza maziwa yaliyozidi, upate kulipa deni na karo, lakini bakiza ya nyumbani: matamu kwa anayeyaweza, na lala kwa asiyeyaweza.