Franjipani kwenye ndoo: Faida imo katika maji usiyomwagilia

Na Mwandishi Wetu, Singida

HASARA yangu ya kwanza katika biashara ya miti ya maua ililetwa na maji, tena katika mkoa ambao kila mtu analia ukame. Mwezi Juni nilipanda vipande 60 vya matawi ya franjipani kwenye ndoo, nikavimwagilia kila asubuhi kama mtu anayelea mchicha. Kufikia mwisho wa Julai, vipande 41 vilikuwa vimelainika na kuwa vyeusi kuanzia chini.

Kwa kuwa nimesomea uchumi wa kilimo, nilikaa na daftari nikaona aibu. Vipande 60 nilivinunua kwa sh500 kila kimoja, jumla sh30,000. Maji yalikuwa madumu matatu kwa siku, kila dumu sh200, kwa siku 55, yaani sh33,000. Maji yaliyoviua yaligharimu kuliko vipande vyenyewe.

Wasomaji wengi wanaufahamu mti huu hata kama hawajui jina lake. Una matawi manene kama vidole vilivyovimba, hutoa utomvu mweupe ukiukata, na maua yake meupe, ya manjano au mekundu hunukia zaidi usiku. Asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Kwetu umezoeleka katika bustani za hoteli, kwenye viwanja vya makanisa na makaburini.

Somo kutoka nchi za baridi

Nilipotafuta kosa langu, nililipata kwa watu wanaoishi mahali ambapo mti huu haufai kabisa kuota. Uingereza na kaskazini mwa Marekani, barafu ya usiku mmoja inatosha kuua matawi yake. Kwa hiyo wapenzi wa franjipani huko huipanda kwenye vyungu. Baridi inapokaribia huviingiza ndani, majani yakapukutika, nao wakaacha kumwagilia au wakatia maji kidogo sana. Wengine huung'oa mti, hukung'uta udongo kwenye mizizi na kuuhifadhi stoo mpaka baridi ipite.

Mti haufi kwa sababu shina lake lenye nyama huhifadhi maji, na usipokuwa na majani hupoteza maji kidogo mno. Ukiumwagilia wakati huo, mizizi haiyanywi. Udongo unabaki na maji na baridi, hewa inakosekana, na uozo unaanza.

Singida hatuna barafu. Lakini mji wetu uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, upepo ni mkali, na joto linaloweza kufika nyuzi 30 mwezi Oktoba hushuka hadi karibu nyuzi 15 mwezi Julai. Ndoo iliyoachwa uwanjani hupoa haraka kuliko ardhi. Kipupwe chetu ni usingizi wa mti huu, na hatuhitaji kuujengea chumba.

Namna ya kupanda

Kata vipande mwezi Septemba, mti ukiwa bado umelala. Chagua tawi lililokomaa la rangi ya kijivu, urefu wa sentimita 30 hadi 45. Vaa glavu na linda macho, kwani utomvu wake huwasha. Acha vipande kivulini wiki mbili mpaka kidonda kikauke.

Changanya sehemu mbili za mchanga mkubwa, moja ya udongo wa juu na moja ya samadi iliyooza vizuri. Toboa ndoo matundu yasiyopungua matano na uiinue juu ya mawe, ambayo Singida si ya kununua. Funga kipande kwenye kijiti ili upepo usikitikise. Mwagilia mara moja siku ya kupanda, kisha kidogo tu udongo ukikauka, mpaka majani yatoke baada ya wiki sita hadi nane. Hapo mvua za mwisho wa Novemba zitakuwa zimekaribia.

Usitumie maji ya Ziwa Singidani wala Kindai. Yana chumvi, na chumvi hujikusanya ndani ya ndoo.

Hesabu ya mfugaji wa miti

Chukua mfano wa ndoo 100 zenye miti iliyokwisha shika. Wakati wa majani, kila moja hupata lita mbili mara mbili kwa wiki, yaani madumu 20 ya lita 20. Ukisimamisha maji Juni hadi Agosti, wiki 13, unaokoa madumu 260. Kwa sh200 kila dumu, hizo ni sh52,000. Kwa bei ninayonunulia ndoo zilizotumika, sh2,000, unapata ndoo nyingine 26.

Usingizi huo unasaidia usafirishaji pia. Dodoma, umbali wa takribani kilomita 240, imekuwa na ujenzi mwingi tangu Serikali ilipoharakisha kuhamia huko mwaka 2016. Lakini ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo wenye maji huzidi kilo 25, na nauli inaweza kumeza faida. Mti uliolala, kwenye kiriba kidogo chenye udongo mkavu, hubebeka kwa urahisi wala hauna majani ya kuvunjika. Viriba vya miche havikuguswa na katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019. Miti yenye maua waonyeshe wateja wa hapa mjini. Mteja wa mbali mpelekee picha kwa simu.

Tahadhari

Kipande kizuri kwa kawaida huhitaji mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kutoa maua. Fedha yako italala muda huo, kwa hiyo usianze kwa mkopo wa miezi sita. Alizeti na vitunguu bado ndivyo vinavyolipa ada ya shule msimu huuhuu. Franjipani iwe kitega uchumi cha pembeni, ndoo 20 kwa kuanzia.

Wafuga nyuki nao wasitarajie asali humo. Ua la franjipani halina mbochi; harufu yake huwahadaa nondo wa usiku wabebe chavua bila malipo.

Pia kuna wanunuzi watakaokuambia huo ni mti wa makaburini. Usibishane nao. Waulize kabla ya kupanda, ujue nani atanunua.

Vile vipande 19 vilivyonusurika niliviacha bila tone la maji hadi mwisho wa Septemba. Vilisinyaa, jirani akaniambia nivitupe. Oktoba vilichipua 17.