Joto la Mawingu Yazaayo Nyota

Asimamaye Segese, kule Msalala, usiku wa Januari, mvua ikiwa imekatika na taa za makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu zikiwa mbali, ataliona kundi la nyota la Jabari likipita karibu na utosi, na chini ya nyota tatu za mshipi wake ataona waa hafifu, ambalo wanafalaki wamekwisha bainisha kuwa ni wingu lizaalo nyota, umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi.

Sehemu kubwa ya wingu hilo ni haidrojeni. Lakini molekuli yake, kwa kuwa nusu zake mbili zimelingana kabisa, haitoi mawimbi ya maana katika baridi ile. Kwa sababu hiyo wataalamu hutafuta hewa nyingine iliyochanganyika nayo kwa uchache, yaani monoksaidi ya kaboni, ile ile isiyo na rangi wala harufu, ambayo wachimbaji wadogo wa Msalala wana haki ya kuihofu, maana pampu ya petroli ikinguruma ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, huweza kuwaua watu kabla hawajatambua. Wilson, Jefferts na Penzias waliigundua katika Jabari mwaka 1970, kwa darubini ya redio ya Kitt Peak, Marekani.

Molekuli hiyo huzunguka kwa daraja maalumu, na kila ishukapo daraja moja hutoa wimbi lake. Daraja ya kwanza hufikiwa hata katika baridi ya nyuzi 263 chini ya sifuri, na wimbi lake ni la milimita 2.6, ya sita yataka joto zaidi, na wimbi lake ni la milimita 0.43. Basi mwenye kuyapima yote mawili, akazingatia na msongamano wa hewa, huujua ujoto wake. Jirani na nyota changa hewa hiyo hufikia nyuzi 170 chini ya sifuri au zaidi, na huko angani hilo ni joto hasa.

Mawimbi hayo mafupi humezwa na mvuke wa maji, na kwetu Jabari huja utosini wakati wa mvua. Ndiyo maana antena 66 za darubini ya redio ya ALMA, iliyozinduliwa 2013, zilipandishwa jangwani Chile, mita 5,000 juu ya bahari, na darubini ya Herschel ikarushwa 2009 ikaiacha hewa ya dunia kabisa.

Linalostahili kutafakariwa zaidi ni kwamba miale hiyo tuipokeayo ni joto lenyewe likiondoka winguni. Na lisipoondoka, shinikizo la hewa huushinda mvuto, wala wingu halijikunji hata likazaa nyota.