Safari ya meli kutoka Galveston: chakula kipi umeshakilipia, kipi bado?

Familia inayotoka Euless, mji uliopo kati ya Dallas na Fort Worth na unaopakana na uwanja mkubwa wa ndege wa DFW, huhitaji takriban saa tano za barabarani kufika katika bandari ya Galveston. Wengi huondoka alfajiri, hupita Houston kabla ya adhuhuri na kuingia kisiwani wakiwa na njaa. Miongoni mwa mizigo, hasa pale bibi anaposafiri pamoja na wajukuu, haikosekani hotpoti: pilau, sambusa, chapati chache zilizofungwa kwa karatasi ya fedha. Bibi hajui huko baharini kutapikwa nini, na hataki kubahatisha.

Hotpoti hiyo ndiyo inayoishia langoni. Makampuni makubwa ya meli za kitalii yanayotumia bandari ya Galveston hayaruhusu chakula kilichopikwa nyumbani kuingizwa melini. Biskuti, korosho au tende zilizo katika pakiti ambayo haijafunguliwa hupita bila ya matatizo, lakini pilau hapana. Birika la umeme nalo haliruhusiwi, kwa hofu ya moto, hivyo yule anayepanga kumpikia mtoto uji chumbani ajue mapema kuwa haitawezekana.

Safari za aina hii zimekuwa jambo la kawaida kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Texas, iwe ni Wakenya na Watanzania wa maeneo ya Dallas na Houston au Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi mjini Fort Worth. Kampuni ya Carnival ilianza safari za mwaka mzima kutoka Galveston mwaka 2000. Mwezi Novemba mwaka 2022 Royal Caribbean ilifungua kituo chake kilichogharimu dola milioni 125, na mwezi Disemba mwaka 2023 Carnival ikaleta meli mpya, Carnival Jubilee, yenye uwezo wa kubeba zaidi ya abiria 5,000. MSC nayo ilianza safari zake hapo mwezi Novemba mwaka 2025 kwa meli ya MSC Seascape. Nyingi ya safari hizo huelekea Cozumel na bandari nyingine za Mexico, na baadhi hufika hadi Roatan nchini Honduras.

Matangazo yote yanasema jambo moja: chakula kimo ndani ya nauli. Kauli hiyo ni kweli, lakini ni kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo inayowashangaza watu wanapoletewa bili asubuhi ya siku ya mwisho.

Kilichomo ndani ya nauli ni hiki. Kwanza kuna bafe, ambayo kwa kawaida iko kwenye ghorofa za juu, karibu na bwawa la kuogelea, na hufunguliwa tangu asubuhi hadi usiku. Huko kila mtu hujichukulia sahani na kupakua anachotaka mara nyingi apendavyo. Pili kuna ukumbi mkuu wa chakula, wenye vitambaa vya meza na wahudumu, ambako abiria huchagua kutoka kwenye menyu inayobadilika kila usiku. Tatu ni vibanda vidogo vya piza, baga na aiskrimu. Katika meli za Carnival, kwa mfano, vibanda vya Guy's Burger Joint na BlueIguana Cantina havidai malipo ya ziada, na katika Carnival Jubilee kuna pia duka la kuku la mchezaji wa zamani wa mpira wa kikapu Shaquille O'Neal ambalo nalo ni bure. Maji ya kawaida, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi pia hazilipiwi.

Kilicho nje ya nauli ni soda, pombe, kahawa za mashine na migahawa maalumu ya nyama choma ya Kimarekani, sushi na kadhalika, ambayo mtu mzima mmoja anaweza kulipia dola 40 au zaidi kwa mlo mmoja. Chakula cha kuletewa chumbani mara nyingi hutozwa, ingawa kifungua kinywa chepesi cha mkate na matunda huweza kuwa bure. Hata ndani ya ukumbi mkuu mambo yamebadilika: tangu mwaka 2022 Carnival inamtoza dola 5 abiria anayeagiza sahani kuu ya tatu katika mlo mmoja wa jioni. Kwa vijana wetu wa miaka 16, ambao sahani mbili kwao ni mwanzo tu, hilo si jambo la kupuuza.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, familia ya watu watano haina haja ya kulipia mgahawa maalumu hata mmoja. Kilichopo bure kinatosha na kubaki. Fedha huvuja kwengine kabisa.

Huvuja kwenye soda. Melini hakuna fedha taslimu; kila abiria, hata mtoto, hupewa kadi inayofungua mlango wa chumba na wakati huo huo kununulia vitu. Soda moja huweza kugharimu dola 3 au zaidi, na juu yake huongezwa ada ya huduma ya asilimia 18 au 20. Watoto watatu, soda mbili mbili kwa siku, siku saba. Hesabu hiyo kila mzazi anaweza kuipiga mwenyewe. Dawa yake ni kwenda kwenye dawati la huduma siku ya kwanza na kuomba kadi za watoto ziwekewe kikomo au zifungwe. Aidha, makampuni kadhaa humruhusu abiria kuingia na makopo 12 ya vinywaji visivyo na kilevi, ama kwa kila mtu ama kwa kila chumba, ilimradi ayabebe mkononi siku ya kupanda.

Kuhusu pombe, kuna kanuni ambayo imezua ugomvi katika nyumba zaidi ya moja. Vifurushi vya vinywaji, ambavyo hulipiwa kwa siku, kwa kawaida huuzwa kwa sharti kwamba kila mtu mzima katika chumba hicho anunue. Baba akitaka kifurushi cha bia, mama ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake naye atalipiwa. Ni nafuu baba anunue bia yake moja moja.

Halafu kuna bahshishi. Nyumbani Afrika Mashariki bahshishi ni hiari ya mtu, lakini melini hukatwa yenyewe kila siku: takriban dola 16 hadi 20 kwa kila abiria, watoto wakiwemo, isipokuwa wachanga katika baadhi ya makampuni. Kwa watu watano na usiku saba, kwa dola 16 tu, hiyo ni dola 560. Kiasi hicho kinafaa kuwekwa kwenye bajeti tangu siku ya kukata tiketi. Wapo wanaokwenda kwenye dawati na kuomba kiondolewe, na makampuni mengi huruhusu. Hata hivyo ni vyema kufahamu kuwa fedha hizo ni sehemu ya mapato ya wahudumu wa meza, wasafishaji wa vyumba na watu wa jikoni, ambao hufanya kazi siku saba za wiki kwa mikataba ya miezi mingi. Wengi wao wanatoka Ufilipino, India na Indonesia. Katika miaka ya karibuni wameongezeka pia Wakenya, hususan katika meli za MSC, na mjini Mombasa chuo cha Bandari Maritime Academy kilianzishwa mwaka 2018 kwa lengo la kuwaandaa vijana kwa kazi za baharini. Wahudumu huvaa kibandiko chenye jina na nchi yao. Basi msomaji usishangae ukamuagiza mtu samaki kwa Kiingereza, naye akakujibu kwa Kiswahili cha Likoni.

Suala zito zaidi, kwa Waislamu walio wengi miongoni mwa watu wa pwani, ni nyama. Kwa kuwa meli hizi hupika kwa ajili ya soko la Marekani, nyama ya nguruwe imo karibu kila mlo, na haionekani wazi kila mara. Maharage ya kupondwa ya Kimexico huweza kupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Saladi hunyunyiziwa vipande vya bekoni. Mchuzi wa kuku huweza kutiwa mvinyo, keki hutiwa ramu, na vitamu vinavyotikisika kama jeli hutengenezwa kwa jelatini ambayo asili yake haiandikwi popote. Kuku na ng'ombe wa kawaida jikoni humo hakuchinjwa kwa utaratibu wa halali. Wapo wanaokula nyama ya Ahlul Kitabu na wapo wasiokula. Hilo tuwaachie masheikh. Lakini kujua unachokula ni haki ya kila abiria.

Makampuni hutofautiana katika suala hili. Baadhi hupokea maombi ya chakula cha halali ikiwa yametolewa mapema, mengine hayana kabisa. Njia ya uhakika ni kupiga simu kabla ya kulipa nauli, si baada yake, na kupata jibu kwa maandishi. Ombi likikubaliwa, litolewe wiki kadhaa kabla ya safari na lirudiwe tena usiku wa kwanza melini kwa mkuu wa wahudumu ukumbini. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko nahodha kwa familia yenye masharti ya chakula. Akishaelezwa, kwa kawaida huleta menyu ya kesho usiku wa leo, familia ikachagua, na jikoni wakaandaa bila ya kilichokatazwa. Utaratibu ni huo huo kwa mtoto mwenye mzio wa karanga au maziwa, na kwa mzee mwenye kisukari.

Ndio maana ukumbi mkuu, ambao familia nyingi huuogopa kwa sababu ya vijiko vingi na vitambaa, ni salama kuliko bafe. Kwenye bafe hakuna wa kumuuliza, na kijiko cha soseji huhamia kwenye sinia la mayai. Ukumbini wahudumu ni wale wale kila usiku ikiwa umechagua muda maalumu wa kula. Muda huo kwa kawaida ni mara mbili: karibu na saa kumi na mbili jioni, na karibu na saa mbili na robo usiku. Wenye watoto wadogo wachague wa kwanza. Samaki na kamba huwemo mara kwa mara, na Carnival huwa na mlo wa Kihindi usio na nyama ambao mtu wa Mombasa au Unguja ataufahamu kwa harufu tu. Usiku wa mavazi rasmi, kanzu na koti, au gauni la kitenge, linakubalika bila ya wasiwasi.

Na bibi je? Ugali hatapata. Lakini asubuhi kwenye bafe aulizie grits, chakula cha kusini mwa Marekani kinachopikwa kwa mahindi meupe yaliyosagwa. Kwa sukari na maziwa ni uji; kwa siagi na chumvi, kikikazwa kidogo, kinakaribia ugali kuliko chochote kingine kilichomo melini. Wali upo, matunda yapo, na maji ya moto ya chai yapo wakati wote. Mtoto mchanga, ambaye kwa safari nyingi za Galveston ni lazima awe ametimiza miezi sita, abebewe chakula chake katika vichupa vilivyofungwa, kwani melini si rahisi kukipata.

Jambo jingine ni mikono. Virusi vya noro, vinavyosababisha kutapika na kuharisha, husambaa haraka pale maelfu ya watu wanaposhika koleo moja la kupakulia. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kina mpango wa ukaguzi wa usafi melini tangu miaka ya 1970. Meli hupewa alama kati ya 100, na yenye 85 au chini yake huhesabiwa imefeli. Alama hizo huwekwa wazi kwenye mtandao wa CDC, na kila mtu anaweza kuitafuta meli yake kabla ya kukata tiketi. Dawa ya kupaka mikononi iliyowekwa mlangoni haiviui vyema virusi hivyo, sabuni na maji ndivyo vinavyosaidia. Waliolelewa katika nyumba ambazo haliliwi tonge kabla birika na bakuli havijazungushwa, hawahitaji kufundishwa hilo.

Siku ya Cozumel, waliobaki na shaka juu ya nyama huweza kula samaki wa kukaanga mjini, au kurudi melini kwa chakula cha mchana, kwani mlango wa meli uko wazi kwa abiria mchana kutwa. Matunda na nyama za melini zisitolewe nje. Wakaguzi wa bandari huzikamata, Mexico na Galveston pia.

Usiku wa mwisho, kabla ya kulala, bili ikaguliwe kwenye dawati la huduma, soda moja moja, kwa sababu asubuhi foleni huwa ndefu na watoto wana usingizi. Kifungua kinywa cha siku hiyo hutolewa mapema na kufungwa mapema. Baada ya hapo ni gari na barabara ya I-45 tena, na Houston, ambako migahawa ya halali ni mingi, iko mwendo wa saa moja hivi tu.