Saa za Vitabu na Saa za Zizini

Kijana wa Kenya aliyefaulu vizuri katika mtihani wa mwisho wa sekondari, hasa katika biolojia na kemia, aweza kuingia moja kwa moja Chuo Kikuu cha Nairobi na kusomea udaktari wa wanyama pale Kabete kwa miaka mitano. Huko Marekani mambo ni mengine. Mwanafunzi husoma kwanza chuo kikuu, mara nyingi miaka minne, ndipo aombe kusomea udaktari huo kwa miaka minne mingine. Na siku ya kuomba haulizwi alama tu, bali huulizwa pia amehudumia wanyama gani, kwa saa ngapi, na chini ya nani.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kemia na fizikia zina saa zao za maabara, wala hazimngojei mtu aliyekesha na ng'ombe anayezaa, na alama mbaya haifutwi kwa kukamua maziwa. Lakini naye mwenye alama za juu asiyepata kuona jeraha hana hakika kama kazi hii ataiweza.

Yafaa kupiga hesabu. Saa 4 kila Jumamosi kwa majuma 30 ya masomo ni saa 120. Likizo ya kiangazi, kwa majuma 10 ya saa 30 kila juma, ni saa 300. Basi kazi kubwa na ingoje likizo. Hata hivyo Jumamosi zisidharauliwe, maana daktari amwonaye kijana mwaka mzima ndiye awezaye kumwandikia barua yenye uzito, nayo barua ya daktari wa wanyama hutakiwa na vyuo vingi.

Liko jambo liwahusulo hasa vijana watokao kwetu. Katika fomu itumiwayo na vyuo vingi vya huko, kazi iliyofanywa chini ya daktari wa wanyama huandikwa mbali, na kulisha, kukamua au kuchunga pasipo daktari huandikwa mbali. Kijana wa Kajiado aliyechunga mbuzi wa baba yake huenda akadhani kazi hiyo si kitu mbele ya wasomi, akaiacha. Asiiache. Aandike miaka, idadi ya mbuzi, na siku za kuwapeleka joshoni. Zile siku alizomsaidia daktari wa mifugo kuchanja ndizo ziingie katika fungu la udaktari, wala asizichanganye.

Maombi hufungwa katikati ya Septemba, na masomo huanza mwaka ufuatao. Kwa hiyo daftari la saa hufaa kufunguliwa tangu mwaka wa kwanza wa chuo, lenye tarehe, aina ya mnyama na jina la msimamizi.