Kifo cha Dk. Ouko: kwa nini kachero wa Uingereza hakufika mwisho?

Wadau, huku kwetu Kiswere, kama kwingineko, ukitokea uhalifu unaogusa wakubwa lazima utasikia mtu anasema: "Waiteni makachero wa nje, ukweli utajulikana." Mimi naona hilo ni nusu jibu tu. Tuangalie yaliyowakuta jirani zetu Kenya.

Dk. Robert Ouko alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Februari 1990 alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ukakutwa kwenye kilima cha Got Alila, si mbali na hapo, umepigwa risasi kichwani na kuchomwa moto. Polisi wakaanza kudokeza eti kajiua! Wananchi wakakataa, ghasia zikazuka Nairobi na Kisumu.

Mkumbuke Kenya ya wakati ule. Tangu 1982 chama kilikuwa kimoja tu kisheria. Ukimpinga Rais Moi unaweza kuwekwa kizuizini bila kesi, na pale Nyayo House, Nairobi, watu walikuwa wakiteswa. Hapo shahidi gani atafungua mdomo?

Moi akaomba msaada Scotland Yard, akaja kachero John Troon na wenzake. Jamaa alifanya kazi. Ile hadithi ya kujiua akaitupa: Ouko aliuawa. Akafuatilia madai ya rushwa katika mradi wa kiwanda cha molasi Kisumu, na ugomvi uliodaiwa kutokea kwenye safari ya Washington. Mwaka 1991, mbele ya tume ya Jaji Evans Gicheru, akawataja washukiwa wakuu: waziri Nicholas Biwott, na Hezekiah Oyugi, Katibu Mkuu aliyeshika usalama wa ndani katika ofisi ya rais.

Sasa angalieni kilichofuata. Novemba 1991 Moi akaivunja tume kabla haijamaliza kazi. Biwott na Oyugi wakakamatwa, na baada ya wiki kama mbili wakaachiwa, ikasemwa hakuna ushahidi. Aliyefikishwa mahakamani ni Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, naye akaachiwa huru 1994. Oyugi alifariki 1992. Biwott alikana mpaka anafariki 2017. Hakuna aliyetiwa hatiani hadi leo.

Kwa hiyo tatizo halikuwa ujuzi wa Troon. Kachero anakusanya ushahidi. Kushtaki si kazi yake. Rais aliyemwita ndiye huyo huyo aliyeunda tume, na ndiye aliyeivunja. Mwendesha mashtaka naye alikuwa chini ya serikali ile ile. Hata ungeleta kachero bora duniani, angeishia pale pale alipochorewa mstari.

Siku nyingine mkisikia kachero kaletwa kutoka nje, msiulize katoka nchi gani. Ulizeni: ripoti yake anampa nani, mashahidi wanalindwa na nani, na nani ana uwezo wa kuifunga kesi kwa neno moja?

Nawasilisha. Karibuni tujadili.